Upupu Ulipoacha Kuwasha

Taabu yenyewe ilikuwa hii: Mlezi alicheka.

Hakukasirika. Hakutuma askari wavunje mlango. Hakumshitaki mtu. Alisimama kwenye televisheni, nchi nzima ikimtazama mtawala wake, akainua jarida la Upupu kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua mwenyewe. Picha ya jalada ilimwonyesha ana tumbo la tangi la maji na mdomo wa mlango wa gereji, na mdomoni waliingia vijana waliovaa kofia za chuma, wamepanga foleni kwa adabu. Mlezi aliitazama picha ile akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akafuta machozi, akasema, "Hawa wananijua!" Na nchi nzima ikacheka naye.

Aliyeichora alikuwa Machano. Wakati huo alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya duka la dobi, wino umempanda mpaka viwikoni. Alijisikia kama mtu aliyerusha jiwe kwa nguvu zake zote, na aliyelengwa akalidaka, akalibusu, akalitia mfukoni.

"Zima hilo dude," alisema Sikudhani.

"Usizime," alisema Mzee Pandu. "Nataka kuona kama atajikuna."

"Hajikuni, Mzee. Anacheka. Huyaoni meno?"

"Meno nayaona. Natafuta kucha."

Wakangoja. Mlezi aliokota miwani yake, akaipangusa kwa tai, akacheka tena.

"Basi tumekwisha," alisema Mzee Pandu, akarudi kwenye pasi yake.

Nchi yenyewe haina haja ya jina, ukiipita utaijua. Ndiyo ile yenye magari marefu yenye mapezi kama papa, na majengo ambayo shingo inauma kuyatazama, na bendera kwenye kila kitu, kuanzia paa la bunge mpaka chupi. Watu wake walikuwa huru, na waliambiwa hivyo kila mara ili wasisahau. Saa zilikuwa mali ya maduka. Wenye maduka wakitaka wateja, asubuhi ilirefushwa. Wakichoka, jioni iliangushwa kama pazia. Ndiyo maana mtu aliweza kuoa Jumanne na kuwa babu kabla ya Alhamisi, na Machano mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na kitu kwa muda ambao hakuna aliyeukumbuka mwanzo wake. Mbali sana, kwenye mashamba ya mpunga ya watu wengine, nchi ile ilikuwa na vita. Lini vilianza, hakuna aliyejua, maana saa ndizo hizo. Kilichojulikana ni kwamba vijana waliondoka kwa treni wakiimba, na waliporudi, treni ilikuwa haina sauti.

Na kicheko kiliuzwa kwenye makopo. Jioni baba alirudi na kopo kwapani, akalifungua mezani, kikatoka kicheko cha watu wasiojulikana, wanaume kwa wanawake, kikazunguka sebule nzima, na familia ikakaa kimya ikisikiliza namna inavyofurahi. Wengi waliocheka kwenye makopo yale walikuwa wameshakufa zamani. Hilo halikumsumbua mtu. Kicheko ni kicheko, walisema, na cha marehemu hakiharibiki.

Katika nchi ya namna hiyo, Upupu ulikuwa jambo la fahari. Asiyejua upupu ni nini na amwulize aliyepita kichakani bila suruali ndefu. Ni ganda lenye manyoya laini kama mahameli, zuri kulitazama; upepo ukilipitia tu, mtu anasahau heshima zake zote, anajikuna mbele ya wakwe. Hivyo ndivyo walivyotaka jarida lao liwe, wale watatu. Sikudhani aliandika. Zamani alikuwa akisoma matangazo ya makopo redioni, mpaka siku moja akatapika hewani, taifa likamsikia. Machano alichora. Aliacha shule darasa la nne kwa sababu ya kumchora mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hakucheka hata kidogo. Machano alimshukuru kwa hilo maisha yake yote. Mzee Pandu alikuwa na duka. Kurasa zilitoka kwenye mashine ya kurudufu zikiwa mbichi, wino unatambaa, naye alizipitishia pasi moja moja mpaka zikakauka, ndiyo maana Upupu ulinukia wanga wa kunyooshea kola. Kisha zilikunjwa, zikafichwa ndani ya mashati yaliyopigwa pasi, zikapelekwa mjini pamoja na nguo za wateja. Hakimu alivaa shati, akakuta Upupu kifuani. Jenerali alivaa shati, akakuta Upupu kifuani. Hakuna jarida lililowahi kumfikia msomaji karibu na ngozi kuliko hilo.

Sheria zao zilikuwa mbili, na walizishika kama watu wengine wanavyoshika swala. Ya kwanza: ukurasa wa kwanza ni wa kujisema wenyewe. Kabla hujamcheka jenerali, jicheke; kabla hujachora pua ya waziri, chora yako. Ya pili: kila mzaha ulipitia kwa Mzee Pandu. Alisimama mbele ya meza ya pasi, Sikudhani akamsomea au Machano akamwonyesha picha, wakamtazama. Akijikuna shingoni, ulichapwa. Akicheka tu, ulitupwa. Kwa sababu kicheko kinatoka, wao walisema; kinatoka mdomoni, kinakwenda zake, na mtu anabaki mwepesi, anaenda kulala. Muwasho hautoki. Mtu analala nao, anaamka nao, na mwisho anauliza: hivi ni nini kinachonila?

Kwa jalada lile la Mlezi, Mzee Pandu alicheka.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa mchana kweupe, watu watatu wazima wakiwa macho. Mzee alicheka mpaka akaunguza kola ya mteja. Sikudhani akasema, "Tupa." Machano akasema, "Nitupe nini? Mzee, hebu tazama mstari huu wa tumbo. Tazama unavyozunguka. Sijawahi kuchora mstari kama huu tangu nizaliwe." Na kweli, ulikuwa mstari wa kujivunia. Sikudhani akautazama, akaufuata kwa kidole. Mzee Pandu, ambaye alikuwa mkweli katika mambo yote isipokuwa umri wake, akajipapasa shingo na kusema, "Nimecheka, lakini kwa ndani kama kuna kitu kimeniwasha." Hakuna kilichomwasha. Walilijua hilo wote, wakachapa.

Baada ya Mlezi kucheka, mambo yalikwenda mbio. Picha ya jalada ilitokea kwenye fulana. Ilitokea kwenye makopo ya kicheko, na makopo hayo yaliuzwa kuliko yote. Siku moja Machano alikwenda stesheni kununua karanga, akaona treni ya vita imesimama, na vijana wanapanda. Kila mmoja alikuwa amevaa fulana yenye picha ya Mlezi akiwala. Walinyoosheana vidole vifuani. "Mimi ndiye huyu wa tatu kwenye foleni!" alisema mmoja. "Mimi huyu ambaye kiatu kimebaki nje!" alisema mwingine. Wakapanda wakicheka, milango ikafungwa. Machano alirudi dukani bila karanga.

Ndipo akaja Bwana Nasibu wa Ofisi ya Furaha. Alikuwa mtu safi, ana viatu vinavyong'aa na sauti kama ya mtu anayempoza mtoto. Alipiga hodi, jambo ambalo hakuna mtu wa serikali aliyewahi kulifanya pale.

"Hodi wenyewe! Waungwana, nimeletwa na salamu."

"Salamu zimefika," alisema Sikudhani. "Kwaheri."

"Dada yangu, hata sijakaa."

"Ndiyo maana nimekuaga mapema, usije ukachoka."

Bwana Nasibu akacheka, akakaa juu ya furushi la mashuka machafu bila kujua ni ya hospitali. Akaeleza. Mlezi anawapa jengo. Mlezi anawapa mashine ya rangi, karatasi inayoteleza, na magari ya kupeleka jarida kila kijiji. Hakuna tena kujificha kwenye mashati ya watu.

"Na sharti?" aliuliza Machano.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Kaka, sharti la nini? Mtukaneni kama kawaida. Mtukaneni zaidi. Ila amesema, kama haiwi taabu, tumbo lingeongezwa kidogo."

Mzee Pandu aliweka pasi chini. "Na tukikataa?"

"Mkikataa ni haki yenu. Tutawatangaza kwamba mmekataa, na watu watawapenda zaidi, na Mlezi atacheka zaidi." Bwana Nasibu akatandaza mikono. "Mzee wangu, nyinyi ni fahari ya taifa. Mtakwenda wapi?"

Hakukuwa na pa kwenda. Watu hawa walikuwa wamejiandaa kwa kila kitu. Walijua watakalosema wakipigwa, walijua nani ataficha mashine, walijua hata wimbo watakaouimba garini wakipelekwa gerezani, na Sikudhani alikuwa tayari amegombana na Mzee Pandu kuhusu ubeti wa pili. Hawakujiandaa kukumbatiwa. Ngao ya kuzuia busu haijatengenezwa.

"Nenda ukamwone," Sikudhani alimwambia Machano. "Miaka yote unamchora, na hujawahi kumwona hata kisigino. Nenda ukamtazame, uje utuambie anachekea wapi."

Basi Machano akapanda kwa Mlezi.

Nyumba ya Mlezi ilikuwa ya ngazi. Ilikuwa na vyumba pia, lakini vyumba vilikuwa vya kupumzikia kati ya ngazi na ngazi. Na kila Machano alipofika ghorofa, aliona kitu ambacho mkono wake unakijua. Mlangoni walisimama mawaziri wenye masikio yaliyofika mabegani. Aliwachora hivyo zamani, katika toleo la masikio. Walikuwa wameyafunga kwa uzi, masikio ya karatasi ngumu, wakamsalimu kwa heshima. Ghorofa iliyofuata majenerali walitembea kwa magoti kwa sababu aliwahi kuwachora hivyo, na suruali zao zilikuwa na viraka vya ngozi magotini. Makatibu walibeba ndoo za machozi ya mamba. Hakuna aliyekuwa na haya. Walimwonyesha vazi walilovaa kama mteja anavyomwonyesha fundi wa cherehani: limekaa vizuri, au tubane hapa?

Katikati ya ngazi alikutana na kijana anashuka mbio, amebeba mashati yaliyokunjwa. Alikuwa yeye mwenyewe, wa zamani, ana ndevu nne na macho ya njaa.

"Wee, unapanda?" aliuliza kijana.

"Napanda."

"Mimi nilidhani sisi kazi yetu ni kushuka," alisema kijana, akampita bila kugusa ukuta. Machano aligeuka kumwita, lakini mtu anajiitaje? Akikohoa, anayegeuka ni yeye yule. Akaendelea kupanda.

Juu kabisa palikuwa na chumba kidogo chenye kioo, na mbele ya kioo alisimama mtu mwembamba, amevaa fulana ya ndani, anajifunga mto tumboni. Alikuwa na mabega ya mtu aliyekaa sana kwenye foleni. Kifungo kimoja cha suruali yake kilikuwa kimetoka. Machano alimdhania mtumishi.

"Samahani ndugu, Mlezi yuko wapi?"

Mtu yule aligeuka, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeona mzazi anarudi kutoka sokoni.

"Baba!" alisema. "Umekuja!"

Alimvutia Machano kiti. Yeye akakaa chini, mto umempanda mpaka kifuani.

"Kabla yako sikuwa kitu," alisema Mlezi. "Nikuambie ukweli, baba. Nilikuwa kwenye kiti hiki kama karani, mtu wa kupitwa. Watu walinisahau nikiwa bado naongea nao. Siku moja nikavaa shati kutoka kwa dobi, nikakuta karatasi, ndani kuna mtu mwenye tumbo la kutisha na jina langu chini yake. Nikasema: kumbe! Nikatafuta mto. Kesho yake nilipopita, watu walisogea. Ukanichora na sauti ya honi, nikajifunza honi. Ukanichora nimekalia shingo ya hakimu. Nikaenda, nikamkalia, na wala hakusema kitu, kwa sababu na yeye alikuwa ameliona jarida."

"Nilikuwa nakukanya," alisema Machano.

"Ulikuwa unanifundisha. Ulinichora nakula vijana. Mimi nilikuwa naogopa vile vita, baba. Nilitaka kuwarudisha vijana nyumbani. Nikafikiri, watasemaje nikiongeza treni nyingine? Halafu nikaona picha yako, na nikaona wanacheka. Nikasema: aa, kumbe jambo hili linachekeka. Jambo linalochekeka linafanyika." Alimsogelea, akamshika goti. "Sasa niambie. Toleo lijalo ninakuwaje? Nataka nianze mazoezi."

Machano aliteremka. Hakuna anayejua alitumia muda gani, maana siku hiyo maduka yalikuwa na punguzo la bei na mchana ulikuwa umefungwa kamba usiondoke. Aliteremka akisema peke yake, na maneno yake yalikwenda vipande vipande kama chokaa inayobanduka.

Nani alimlea Mlezi? Mimi. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mbaya. Ubaya wake ulikuwa na ukubwa gani? Sikupima. Sikumwona. Nilimvimbisha kwa sababu kazi ya mchoraji ni kuvimbisha. Pua inavimba, tumbo linavimba, watu wanasema: jasiri huyo! Na nani anavimba pamoja na tumbo? Ajiwekaye chini ya mlima ili atukane mlima, watu humwona mtu wa milima. Nilimpenda akiwa mkubwa. Nilimhitaji mkubwa. Adui mdogo ni aibu. Nani atajisifu kwamba alipigana na karani? Kama yeye ni karani, mimi ni nani? Mimi ni mtu wa darasa la nne aliyekalia ndoo. Hapo ndipo panapowasha. Hapo hapo. Mtu hujikuna ajipatapo, na mimi sehemu hii sikuwahi kuifikia, mkono ulikuwa na kazi ya kuchora.

Alipofika dukani aliwaeleza kila kitu. Sikudhani alisikiliza akiwa amesimama. Mzee Pandu alikaa, kwa mara ya kwanza tangu Upupu uanze.

"Tuache," alisema Mzee Pandu. "Tukimchora tunamlisha. Tusipomchora atajifia."

"Hafi, Mzee," alisema Sikudhani. "Mto anao. Atakaa na picha ya mwisho, na picha ya mwisho ni ile anayokula vijana. Unataka abaki nayo hiyo?"

"Basi tumchore mdogo kama sisimizi!"

"Sisimizi naye ni kuvimbisha, ila kwa kurudi nyuma. Atavaa miguu sita, watu watacheka, watoto wataimba." Alimgeukia Machano. "Kaka, umemwona. Alikuwa na ukubwa gani?"

"Wa kawaida."

"Mchore hivyo."

"Sikudhani, hakuna mzaha hapo."

"Ninajua hakuna. Ila usisahau, unaanza na wewe."

Hili ndilo lililomshinda kwa muda mrefu. Kumchora Mlezi kulikuwa rahisi: mabega, fulana ya ndani, mto sakafuni, kifungo kilichotoka. Ukurasa wa kwanza ndio uliomkatalia. Maisha yake yote alikuwa amejicheka kwenye ukurasa ule, na mara zote alijichora na pua ya futi mbili, miguu ya korongo, masikio ya sufuria. Watu walisema: tazama mtu huyu asivyojionea haya. Sasa aliona kwamba hata kule alikuwa akijivimbisha. Pua ya futi mbili ni pua ya maana. Alishika kalamu ya stensili, ile ya kukwaruzia karatasi ya kurudufu, akajichora alivyo: mtu wa makamo, ana kipara kinachoanza, amekalia ndoo, anatazama mkono wake mwenyewe kwa mapenzi makubwa, na nyuma yake, mbali, treni inapita bila yeye kugeuka. Alipomaliza alitaka kulia. Hakulia. Alichora na ndoo vizuri, mpaka kutu yake.

Wakamwonyesha Mzee Pandu. Alitazama ukurasa wa kwanza, kisha akatazama jalada. Hakucheka. Alipeleka mkono shingoni. Kisha mkono wa pili. Kisha akaegemea ukingo wa mlango akajisugua mgongo kama ng'ombe.

"Chapeni," alisema, "chapeni haraka kabla sijajichuna ngozi! Mungu wangu, mmenitia nini?"

Ilikuwa kazi ya fahari, na niiseme ilivyo, kwa sababu hakuna mwingine atakayeisema. Mashine ililia. Sikudhani alizungusha mpini mpaka mabega yakafa ganzi, akabadilisha mkono, akaendelea. Mvuke wa pasi ulijaa duka zima. Hakuna aliyeomba aketi, hakuna aliyeuliza watapata nini. Walikuwa watu watatu wasio na cheo, wananuka wanga na wino, na walikuwa wanaondoa kwa mikono yao kitu ambacho kwa mikono yao walikijenga. Waliokwishafanya hivyo duniani si wengi. Wajenzi ni wengi, wabomoaji ni wengi. Lakini anayebomoa cha kwake, tena kilichompa jina, tena akiimba, huyo mpe kiti akae. Ndiyo, waliimba. Waliimba ule wimbo wa kwenda gerezani, na ubeti wa pili kila mmoja aliuimba anavyoujua.

Mashati yakatoka. Mji ukavaa.

Hakuna aliyecheka. Watu walifungua kola, wakasoma, wakafunga kola, wakafungua tena. Kwenye basi mtu alijikuna, na jirani yake akajikuna, wakatazamana, na hawakuwa na cha kusema ila jina la mtoto aliyekwenda na treni. Majumbani walifungua makopo. Kicheko kilitoka, kikakosa wa kukisikiliza, kikazunguka sebuleni kama nzi, kikaangukia dirishani. Mawaziri walisubiri waone wavae nini. Picha haikuwaonyesha chochote cha kuvaa. Wakavua masikio, wakayashika mkononi.

Mlezi akaja kwenye televisheni. Alikuwa amejitahidi kuwa kama alivyochorwa, kama kawaida yake, na kwa kuwa alichorwa alivyo, alikuja alivyo. Nchi nzima ikaona mtu wa kawaida aliyevaa fulana ya ndani, hajui aweke wapi mikono. Na kwa sababu hakuwa na tumbo la kuchekwa, mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele studioni, muuza uji, hakuwa na la kufanya ila kumwuliza swali.

"Mwanangu yuko wapi?"

Mlezi alitazama kushoto. Akatazama kulia. Alikuwa anatafuta picha.

"Nakuuliza wewe," alisema yule mama. "Usitazame huko. Mwanangu anaitwa Mbwana, mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Umempeleka wapi?"

Vita havikwisha siku ile. Nisidanganye. Lakini treni iliyokuwa iondoke haikuondoka. Kina mama walikuwa wamekaa relini na masufuria yao ya uji, na vijana wakashuka mmoja mmoja, wakavua fulana zile, wakazigeuza ndani nje, wakakaa nao.

Askari walikuja dukani mchana. Hawakupiga hodi. Mlango uling'oka bawaba zote mbili, na Bwana Nasibu alikuwa nyuma yao, uso umemvimba kwa hasira ya kweli, hana tena sauti ya kumpoza mtoto. Alikuwa anajikuna mikono mpaka damu.

Sikudhani alisimama, akajifunga khanga kiunoni vizuri.

"Karibuni," alisema. "Mmechelewa kweli. Tuliwatazamia miaka yote hiyo!"

Mzee Pandu alicheka, na safari hii kilikuwa kicheko kinachostahili kuchapwa jaridani.

Na hivi ndivyo ilivyogharimu. Mashine ilipigwa nyundo mpaka ikawa chuma chakavu. Duka la dobi lilichomwa, pamoja na pasi na nguo za watu zilizokuwa hazijachukuliwa. Mzee Pandu alipoteza jicho la kushoto, na kazi, kwa sababu dobi wa jicho moja haoni doa la upande. Sikudhani alifungwa; mama yake alikufa yeye akiwa gerezani, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Machano alivunjwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, na viwili vilivyobaki havishiki kalamu. Upupu haujatoka tena.